Mjomba, Hapa Amesemaje?

Mwezi wa saba huu baridi ya Lushoto imeamua kutukomesha. Ukungu unashuka kutoka Magamba, unaingia hadi chumbani bila kupiga hodi, na mtu mwenye akili zake anabaki chini ya blanketi mpaka saa tatu. Mimi sina bahati hiyo. Saa moja kamili mlango unagongwa, na sina haja ya kuuliza ni nani. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndani ya koti la mtumba linalomfika magotini, ameishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa yai dukani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Amesemaje tena?"

Habari za nyumbani tuliacha kuulizana tangu mwezi wa tano.

Huyu kijana anatembeza wageni. Anawapeleka Irente, wanasimama ukingoni mwa jabali na kuitazama nyika na mashamba ya mkonge ya Mazinde yalivyolala kule chini. Anawaingiza msitu wa Magamba. Wenye miguu anawafikisha hadi Mtae. Mwezi wa nne alipata mgeni wa siku nne, binti wa Kiingereza. Huyu hakuja kwa ajili ya simba wala Mlima Kilimanjaro. Alikuja kutafuta ua. Bibi yake kule kwao ana chungu kidogo dirishani, na ndani yake ua la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, na tangu utotoni binti alikuwa akiambiwa kwamba ukoo wa ua lile ni Usambara.

Na ni kweli. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa akitawala wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua hilo likamvutia, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalipa jina Saintpaulia. Leo linakaa madirishani Ulaya nzima na Marekani, watu wanapeana kama zawadi. Sisi wenye nalo wengi wetu tukiliona kando ya kijito tunaosha miguu tunapita.

Basi wakalitafuta, wakalipata kwenye jiwe lenye unyevu, binti akapiga magoti akalipiga picha arobaini. Mpwa wangu naye alikuwa akimwangalia binti, ua hakuliona. Mgeni akarudi kwao, meseji zikaanza kumiminika, na kazi ikaniangukia mimi.

Mtauliza, mtembeza wageni hajui Kiingereza? Anajua, tena sana, ila ni Kiingereza cha msituni. Muulize kinyonga dume na jike wanatofautianaje pembe, atakueleza mpaka umwombe apumzike. Ndege anawataja kwa majina ambayo mimi siwezi hata kuyatamka. Kiingereza cha moyoni ndicho hana. Dada yangu akakumbuka kwamba kaka yake alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na moja. "Si ulisomea?" akaniambia. Nilisomea, sikatai. Nilisomea kuigeuza "Juma anapiga mpira" iwe "mpira unapigwa na Juma". Katika miaka yote hiyo hakuna mkaguzi aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu akauliza habari za mtu mwenye vipepeo tumboni.

Ndiyo, vipepeo. Ndiyo ilikuwa meseji ya kwanza. Binti aliandika kwamba kila simu ikilia akiona ni yeye, anapata vipepeo tumboni.

"Mjomba, anaumwa?"

Nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Minyoo." Nikamshauri amwambie ameze dawa na aache kula plamsi bila kuziosha. Nashukuru Mungu siku hiyo mtandao ulikuwa chini.

Baadaye nikakaa nikawaza. Vipepeo kwetu si mzaha, ni biashara. Kule Amani, Usambara ya Mashariki, wanakijiji walianza kufuga vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walikuwa wanapanda miti wanayoila viwavi, viwavi wakijifunga wanakusanya pupa, pupa zinapangwa kwenye maboksi na kupanda ndege, na zikifika Ulaya na Marekani zinapasuka katika nyumba za vioo, watu wanalipa kiingilio kutazama. Fedha ikasomesha watoto. Machi 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha viumbe hai nje ya nchi, wafugaji wakabaki na vipepeo wao wakitazamana. Nikaunganisha mambo. Nikamwambia mpwa wangu kwamba wale watu baada ya kukosa mzigo wa Amani wameamua kufuga wenyewe, humo humo tumboni.

Mama watoto alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata kichwa. "Anasema ana tumbo joto. Mnahangaika nini?"

Meseji ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Binti alisema kijana alimfagia miguu. Hapo hata mimi nilinyanyuka kitini. Nani asiyejua? Bibi yetu alikuwa akimwona mtoto anafagia karibu na miguu ya mwenzake anapiga kelele za kusikika Soni, maana aliyefagiwa miguu haolewi wala haoi. Na huyu anasema amefagiwa, tena anashukuru! Taarifa zikamfikia dada yangu kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Alikuja anahema, akamkamata mwanawe sikio: "Ulimfagilia wapi mtoto wa watu? Kwenye nyumba ya wageni? Na ufagio gani?" Mtoto anaapa kwamba hajashika ufagio tangu amalize darasa la saba, jambo ambalo mama yake alikuwa analijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ilinichukua siku mbili na kamusi yangu isiyo na jalada kugundua kwamba wenzetu wakisema hivyo wanasifu. Kwamba mtu kakupendeza mpaka miguu imetoka chini. Sasa kama miguu imetoka chini si umeanguka? Ndiyo, na kuanguka nako wanasifu. Kwao huingii kwenye mapenzi, unatumbukia, kama Coaster iliyokosa kona ya barabara ya Mombo.

Kuna siku nilichelewa kuamka, kijana akajibu mwenyewe. Binti alikuwa ameuliza: je, kuna mtu unayemwona? Swali jepesi. Kijana akatazama huku na huku, na ilikuwa siku ya gulio. Akajibu kwa ukweli wote aliofundishwa na mama yake kwamba naam, anaona watu wengi, kwa siku ya leo hawapungui mia mbili, na wengine wametoka Mlalo na Bumbuli. Kimya. Siku tatu hakuna meseji. Mpwa wangu akakonda, akapoteza kikundi kizima cha Wafaransa ndani ya Magamba, wakapatikana saa kumi na mbili jioni wakila mkate chini ya mti.

Nilipoelewa nikang'aka: kwa nini asiulize tu "una mtu?" kama binadamu wengine? Mama watoto akaacha maharage akanitazama. "Una mtu. Mbona wewe una watu saba humu ndani na hakuna aliyekuuliza?" Sikumjibu. Mtu mzima hajibishani na mtu anayeshika upawa.

Suluhu ikapatikana, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha ubao kwamba mpwa wangu hana mtu, kwamba wale mia mbili walikuwa wananunua kabichi. Binti akarudi kuongea, na sasa akaanza kueleza mambo ya ndani. Akasema amehuzunika kwa sababu ndoa ya wazazi wake iko kwenye miamba.

"Kama Irente?" mpwa akauliza.

"Kama Irente."

"Basi wana mandhari nzuri."

Nikamwambia amwandikie hivyo hivyo. Sitaki kuzungumzia jibu lililorudi.

Lakini yote hayo ni mchezo ukilinganisha na asubuhi ile aliyoandika kwamba anampenda sana. Nilisoma mara tatu. Kitenzi nilikifahamu, nimekifundisha darasa la tatu: Juma anapenda maembe, Asha anapenda shule. Nikavua miwani, nikamshika kijana bega, nikamwambia: "Mwanangu, amesema anakupenda sana."

Nilichosahau ni kwamba Waingereza wana vitenzi viwili. Sisi kupenda ni kupenda. Napenda maharage, nampenda mke wangu, naipenda Yanga, kitenzi kimoja kinabeba wote na hakuna aliyelalamika, ingawa mke wangu angeweza. Wao wana cha maembe na cha mke, na kati ya kimoja na kingine wanaweza kukaa miezi, wengine miaka, mtu anazungukazunguka cha maembe anaogopa kukanyaga cha mke. Binti wa watu alikuwa bado kwenye maembe. Mimi nikamvusha mpaka kwa mke, asubuhi moja, kabla ya chai.

Dada yangu alipiga vigelegele vikajibiwa kutoka ng'ambo ya bonde. Jioni kikao kilikaa kwangu. Maswali yalikuwa mazito. Barua ya posa itaandikwa kwa lugha gani? Itapita posta, au atapewa mgeni anayerudi Ulaya aipeleke? Kishika uchumba ni shilingi au pauni? Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza baba wa binti anafuga nini. Mpwa akasema anafuga mbwa. Mzee akatikisa kichwa, akauliza ni wangapi. Mmoja tu. Nikaona uso wa mzee unaingia huruma.

Asubuhi yake meseji ikaendelea, kwa sababu kumbe ilikuwa imekatika katikati. Ilisema: lakini nahitaji nafasi.

Sasa jamani, nafasi. Mwambie mtu wa Lushoto kwamba unahitaji nafasi uone atakavyokuelewa. Huku kipande cha ardhi kinagawanywa kwa ndugu mpaka kila mmoja anabaki na mistari sita ya karoti kwenye mteremko ambao mbuzi anaupanda kwa kusitasita. Waingereza wenyewe miaka ile ya 1940 na 1950 walitulazimisha kuchimba matuta kule Mlalo eti kuokoa udongo, wazee wakagoma, mambo yakawa mazito. Hakuna asiyejua kwamba nafasi ndiyo ugomvi wa milima hii. Na leo binti yao anaiomba kwa meseji! Mpwa wangu alikimbia kwa baba yake mkubwa kuulizia kiwanja kile cha juu ya kisima, chenye miti mitatu ya peasi. Akapiga picha, akapima kwa hatua, akamtumia: ishirini na mbili kwa thelathini, maji yapo, umeme unakuja.

Binti hakuelewa. Na mimi nilipoelewa nilikosa pa kuuweka uso. Anahitaji nafasi maana yake asogee kidogo, amwache apumue. Kiwanja wanachokitaka ni cha mtu kutokuwepo.

Hapo ndipo nikasema yatosha. Watu hawa hawana kiungo cha mwili walichokiacha kikae mahali pake. Miguu inafagiwa, tumbo lina wadudu, kichwa kinapita juu ya visigino kana kwamba siku nyingine kinakaa chini, na moyo, nisamehewe, wanauvaa kwenye mkono wa shati. Huu wa moyo nilijua ulikotoka. Uko kwenye Othello ya Shakespeare, na anayeusema ni Iago, mwongo kuliko wote katika tamthilia ile. Wao wamemnukuu miaka mia nne bila kujali kwamba mwenyewe alikuwa anadanganya. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Shakespeare mara mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Katika moja wakubwa wanamchoma visu mkubwa wao, katika nyingine mtu anadai ratili ya nyama kwenye mwili wa mdeni wake. Siasa na madeni tuko sawa, tunaelewa kila kitu. Laiti angeongeza moja ya mapenzi, mimi leo ningekuwa nimelala. Na hata huo moyo wa kwenye mkono wa shati, Lushoto mwezi wa saba utauonaje? Kila mtu kavaa sweta mbili na koti juu.

Nikatangaza mbele ya mke na mpwa kwamba kuanzia sasa tutaandika sisi, kwa Kiswahili safi kisichoficha kitu, nami nitakitafsiri neno kwa neno. Kijana akafurahi. Akasema: "Mwambie nimekufa nimeoza kwake."

Nikaandika. Amekufa. Ameoza. Kwake.

Simu ililia ndani ya dakika mbili, sauti ya binti inatetemeka, anauliza kama kuna mtu mzima karibu na kama hospitali iko mbali. Mpwa akasema yupo salama, anakula kiazi. Katika kumtuliza akaongeza kwamba hofu yake ni moja tu, asije akamwacha kwenye mataa. Binti akanyamaza, halafu akasema, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, kwamba yeye alitembea Lushoto siku nne na hakumbuki kuona taa hata moja ya kuongoza magari.

Nikatazama dirishani. Ni kweli hakuna. Hapa kwetu ng'ombe ndiye anayeamua gari lipite lini. Nimekaa mji huu maisha yangu yote, nimesikia vijana wangapi wameachwa kwenye mataa, na siku zote nimewapa pole bila kujiuliza mataa yenyewe yako wapi.

"Na wewe ulipokuja kunioa mimi ulisemaje?" Mama watoto huyo, na upawa wake.

Nikajifanya sikusikia. Akaniambia. Mshenga wangu aliketi mkekani mbele ya baba mkwe, akakohoa, akasema tumepita njiani tumeona ua zuri kwenye bustani yenu, tumekuja kuomba ruhusa ya kulichuma. Baba mkwe, ambaye uani kwake palikuwa na kuku na kisiki, akajibu kwamba maua yapo mengi, tuseme ni lipi. Na wenzangu kazini walipopata habari wakanipongeza kwamba nimepata jiko. "Jiko," akarudia mama watoto. "Miaka ishirini na sita jiko, na bado napikia mafiga."

Mimi nilichojibu ni kwamba angalau tulituma mshenga. Yule Baron wa 1892 aliliona ua, akalichuma, akalipeleka kwa baba yake bila barua ya posa wala kishika uchumba, na likavishwa jina la ukoo wake. Tena mwaka 2015 wataalamu wakaamua kwamba halikuwa la ukoo huo, wakalihamishia ukoo mwingine unaoitwa Streptocarpus. Limeolewa mara mbili na mahari yake hatujaiona hata mara moja. Mama watoto akasema mahari ya ua anaijua, anaisubiri ya mafiga.

Mwezi huu binti akaandika kwamba alipanga kuja Desemba, ila amepata miguu ya baridi. Safari hii sikufungua kamusi. Nilikuwa nimechoka, na isitoshe nililiona ni jambo la kawaida kabisa. Nani huku hana miguu ya baridi? Mimi nimeoa na miguu ya baridi, dada yangu ameolewa nayo, mtaa mzima tunazaa na kusomesha nayo. Nikamwambia kijana aende sokoni akanunue soksi. Akanunua jozi tatu za sufu, nyekundu, kijani, na moja yenye picha ya kulungu, akazipanga ukutani akapiga picha, akaandika kwamba asihofu, zinamsubiri, na Desemba jua lipo.

Nilipoambiwa baadaye kwamba maana yake ni kuingiwa na woga, nilijua tumemaliza kila kitu. Nikawa nafikiria namna ya kumwambia dada yangu arudishe mbuzi wa watu aliokopa kwa ajili ya posa.

Lakini leo saa moja mlango umegongwa kwa nguvu nisiyoizoea. Mpwa wangu kasimama kwenye ukungu, uso wake nusu unacheka nusu umenuna. Binti amejibu. Ametuma vikatuni vya kucheka machozi mstari mzima, amesema tiketi amekata, na mwishoni ameandika sentensi fupi, maneno machache tu.

Nikavaa miwani. Nikasoma. Sikuhitaji kamusi, neno lenyewe tumelikopa zamani, hata mtoto wa chekechea analijua.

"Amesema wewe ni kipa."

"Mimi?"

"Wewe. Tena hakuuliza, amesema."

Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Mjomba, nilimwonyesha uwanja. Nilimweleza kabisa. Mimi nacheza namba tisa. Msimu uliopita nimefunga mabao kumi na moja."

Kutoka jikoni nikasikia mtu anacheka peke yake, lakini sikumwuliza, maana akinijibu ataanzia kwenye mafiga. Nikachukua simu, nikaandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, kwa heshima, nukta mwisho wa kila sentensi. Nimemshukuru kwa tiketi, nimemkaribisha Desemba, na nimemfahamisha kwamba kipa tunaye, ni mtoto wa fundi baiskeli, ila kama ameona kasoro yoyote kwa huyu wa sasa atuambie mapema kabla ya ligi kuanza.

Imekwenda. Tiki mbili zimeshakuwa za bluu, na juu kule pameandikwa anaandika, anaacha, anaandika tena.